Sasa Hivi ya Bellevue

Jumanne asubuhi alikuja mtu kuhesabu milango. Alivaa koti safi na viatu vilivyong'arishwa, kalamu kaichomeka sikioni, na wapangaji walipomuuliza katoka ofisi gani alitabasamu tu akaendelea na kazi yake. Nyumba ile ya Bellevue, Johannesburg, zamani ilikuwa ya familia moja. Siku hizi imekatwakatwa kwa mbao ikawa vyumba saba, kila kimoja na kufuli lake. Mtu yule alivihesabu kimoja baada ya kingine, na alipofika cha nyuma kabisa, alichopanga Kidawa fundi cherehani, alisimama zaidi kidogo kuliko kwingine. Akauliza humu mnalala wangapi. Kidawa akasema wawili. Akauliza wa pili ni nani. Kidawa akasema ni mdogo wangu, kavunjika mguu, amelala. Yule mtu akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Shukrani ile ndiyo iliyomnyima Kidawa usingizi. Mwenye shari akija na matusi, angalau unajua umkabili vipi. Huyu alikuja kama msoma mita ya maji.

Tangu Jumapili nguzo za mtaa zilikuwa zimebandikwa karatasi. Hazikuwa na jina la mtu wala la chama, ila ujumbe wake haukuhitaji mkalimani: wageni wasio na vibali wawe wameondoka kabla ya Ijumaa, la sivyo wenye mtaa watakuja kuwaondoa. Kibali cha Kidawa kilikuwa sawa. Cha mumewe Suhaib, dereva wa malori aliyekuwa safarini Zambia wiki ile, kilikuwa sawa pia. Cha Nassir, mdogo wake, ndicho kilichokwisha muda tangu mwezi wa tatu, na Nassir mwenyewe hakuwa mtu wa kukimbia. Alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi nyumba ya watu kule Rosettenville, na sasa mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa hogo la plasta kutoka juu ya goti hadi vidoleni. Mama yao alimpakia basi Tanga na kumpigia Kidawa simu akasema, "Nakuletea huyu. Nichungie." Basi Kidawa wiki ile alikuwa na kazi moja tu duniani: kumtoa Nassir mtaani humo akiwa mzima.

Sasa, Kidawa ni mtu mnyenyekevu, hilo kila mtu atakwambia, lakini baada ya miaka sita Johannesburg alikuwa na kiburi kimoja, nacho kilikuwa lugha. Alipofika alidhani Kiingereza anakijua, maana alikisoma sekondari na akafaulu. Siku ya pili akaulizia njia, akaambiwa akunje kushoto kwenye robot, akahangaika nusu saa nzima kutafuta mashine yenye mikono na kichwa. Kumbe wanasema taa za barabarani. Akajifunza. Soda akaiita cooldrink, sheli akaiita garage, pikapu akaiita bakkie. Akajua kwamba ukipatwa na jambo watu wa huku wanakwambia "shame", na hawakutii aibuni, wanakupa pole. Nassir hilo alikuwa hajalijua siku alipoanguka. Alilala chini mguu umepinda, watu wamemzunguka wanasema shame, shame, naye badala ya kulia akawa anajitetea kwa Kiingereza cha darasani kwamba hajaiba kitu cha mtu. Kidawa kila akikumbuka alicheka, kisha akajiona mkosefu kwa kucheka.

Neno lililomtesa yeye mwenyewe kuliko yote lilikuwa "just now". Ng'ambo ya barabara aliishi mjane mmoja, MaMbatha, anayekaanga magwinya kwenye kona ya ukumbi wa mtaa. Magwinya ni maandazi yao, makubwa, hayana iliki. Mama huyu alimletea Kidawa kitambaa amshonee sare ya akina mama wa kanisani, blauzi nyekundu yenye kola nyeupe. Ilipokamilika akapiga simu akasema anakuja kuichukua, just now. Kidawa akaacha kila kitu. Hakwenda sokoni, na hata msalani alikwenda mbio akiacha mlango wazi. Magharibi ikamkuta bado ameiweka blauzi mapajani. MaMbatha akaja keshokutwa yake, anacheka, hana habari kama kuna mtu kakosewa.

Ndipo wakaelezana. MaMbatha akamfahamisha kwamba huku likisemwa "now now" ndiyo ujue mtu yuko njiani. "Just now" ni baadaye, mchana, jioni, akikumbuka. Kidawa naye akamwambia kwamba kule kwao walikosomeshwa, just now ni sasa hivi, mtu keshavaa viatu. MaMbatha akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Kwa hiyo siku ile ulikaa unanisubiri?" akauliza, na kicheko kikamkatika. "Siku nzima? Shame, mwanangu."

Toka hapo wakawa wa kupelekeana sahani. MaMbatha akawa anamkosoa Kidawa neno hili na lile, mpaka ikafika mahali mtu akiongea naye kwenye simu hajui kama anaongea na mgeni. Na MaMbatha mwenyewe akaanza kuokota vya kwetu. Akiagana husema "haya". Mtoto akianguka husema "pole". Kidawa aliyaona ni masihara ya mtu mzima, hakuyatia akilini, na laiti angeyatia.

Alhamisi jioni MaMbatha alikuja bila sahani. Aliingia, akafunga mlango kwa mgongo wake, akakaa kitandani karibu na hogo la Nassir. Alisema kesho asubuhi wale wa karatasi watakutana ukumbini. Hajui watakuwa wangapi na hajui wataanza na mtaa gani, lakini orodha wanayo, ameiona ikipitishwa. Yeye atakuwa pale konani na karai lake kama kawaida. Akiwaona wanakunja kuja mtaa huu ataandika ujumbe. Simu isizimwe, isiachwe mbali.

"Kwa nini asiondoke leo?" akauliza MaMbatha.

Ilikuwa haiwezekani. Jioni ile vijana walikuwa wanasimamisha magari kwenye robot na kuchungulia ndani. Na gari lenyewe lilikuwa kwa fundi mpaka asubuhi: bakkie ya Cédric, Mkongo wa Bukavu anayehamisha watu vyombo. Cédric alikuwa ameahidi kuja Ijumaa saa nne, amlaze Nassir nyuma katikati ya magodoro, ampeleke Turffontein kwa Bakiri, mtu wa Tanga mwenzao, ambako mtaa ulikuwa bado umetulia.

"Saa nne," alisema MaMbatha, kama anayeipima. Akamshika Nassir bega, akamtazama usoni muda mrefu, akasema, "Haya."

Ijumaa kulikucha kimya. Majirani wa vyumba vya mbele walikuwa wameondoka alfajiri na mabegi yao bila kuaga. Duka la Msomali lilikuwa limefungwa, spaza, kiduka cha pale kwenye kona, ilikuwa imefungwa, na mbwa wa nyumba ya pili, ambaye huwabwekea hata wenyewe, alikuwa amelala chini ya gari hatoi sauti. Kidawa alifungasha begi la Nassir. Kilibaki kitu kimoja, nacho kilikuwa kinamkera tangu usiku: suruali. Tangu afungwe hogo Nassir alikuwa akivaa kikoi, maana hakuna suruali inayopita pale gotini. Kidawa akawaza, wakisimamishwa kwenye robot, mtu amelala nyuma ya gari kajifunga kikoi, nani atauliza zaidi? Kikoi kitakuwa kimeshajibu. Akatoa suruali ya kijivu ya Suhaib, akaanza kufumua mshono wa mguu wa kushoto ili atie vifungo kuanzia nyongani hadi chini.

Saa nne na dakika sita simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulikuwa wa MaMbatha, mfupi, kwa Kiingereza. Ulisema wanakuja mtaa wetu, just now.

Kidawa aliusoma mara mbili, na pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumanne ikamtoka. Baadaye, basi. Jioni labda. Mama wa watu kawahi kumwambia mapema ili wajipange. Aliinua macho akamkuta Nassir anamtazama.

"Anasemaje?"

"Wanakuja, lakini bado. Kasema just now."

"Sasa dada, just now si ndiyo sasa hivi?"

Kidawa akacheka, kicheko cha mtu aliyepata nafuu. "Hiyo ya Tanga. Hapa ukiambiwa just now, pika, ule, ulale, ndiyo uanze kusubiri."

"Mwalimu wetu alikuwa anasema—"

"Mwalimu wenu hajafika Bellevue, Nassir."

Nassir hakuwa mbishi kwa dada yake, na kwa kweli alishapatikana mara nyingi na maneno ya huku hata akawa haamini tena aliyokuja nayo. Kabla Kidawa hajashika sindano, simu ikaita. Ilikuwa ya Cédric.

"Dada Kidawa, gari iko bien. Lakini niko na kazi kidogo hapa Kensington, kubeba bitanda bya mama moja. Nikuje sasa, ao nimalize kwanza?"

Kensington si mbali, dakika kumi ukikuta njia nyeupe. Kidawa aliutazama tena ule ujumbe, akaitazama suruali iliyofumuliwa mapajani mwake. Alipenda kitu kifanywe sawasawa.

"Maliza kwanza," akasema. "Tuna muda."

Akashona. Kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Masikio yake aliyatega nje, kwa sababu alijua watu hawa wanakuja vipi. Kwenye simu alishaona picha zao: wanakuja wakiimba, wakipiga miguu, unawasikia mitaa mitatu kabla. Nyimbo hakuzisikia. Alisikia geti la mbele likifunguliwa taratibu, kama anavyofungua mwenye nyumba, na hatua za watu wengi wasiozungumza zikija kwenye korido. Waligonga vyumba vya mbele kimoja kimoja, wakisubiri kidogo kila mlango. Nassir alikuwa amevaa mguu mmoja wa suruali. Kidawa aliinuka na sindano mkononi asijue pa kwenda, kwa kuwa chumba kina mlango mmoja na dirisha lenye nondo.

Walikuwa wanaume watano na mwanamke mmoja mwenye faili. Yule mhesabu milango alikuwa wa kwanza, na alikuwa amevaa koti lilelile.

"Habari za asubuhi, sisi," alisema kwa Kiingereza, sisi ya huku ambayo ni dada, akavuka kizingiti.

Mwanamke aliomba vibali. Cha Kidawa alikisoma pande zote mbili, akamrudishia kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Nassir. Kidawa akasema ni mgonjwa, akasema kibali kiko njiani, akasema yote hayo kwa Kiingereza cha pale pale, na "neh" yake mwishoni, na "sisi", na "please man", kila neno mahali pake. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho. Ilionekana anampenda kwa kuongea vile.

"Nimekusikia," akasema. "Sasa aongee yeye."

Akamuuliza Nassir yuko nchini tangu lini. Nassir akajikaza akakaa wima, akajibu kama alivyofundishwa kumjibu mgeni mkaguzi anapoingia darasani, sentensi kamili, na "madam" mwishoni. Mmoja wa wanaume akacheka kwa pua. Mwanamke akaweka alama kwenye karatasi.

Walisema wanampeleka kituo cha polisi. Wawili wakamshika makwapani wakamwinua, kwa uangalifu, mwingine akishikilia lile hogo lisigonge kizingiti. Kidawa akamng'ang'ania mkono. Akasema naye anakwenda. Yule mhesabu milango akamtoa vidole kimoja kimoja, polepole, hakumuumiza, akamwambia gari limejaa. Nje lilisimama basi dogo jeupe, na ndani Kidawa aliona vichwa vimeinama, vingi, havikugeuka. Nassir alipofikishwa mlangoni mwa basi aligeuza shingo. Kidawa alingoja kuambiwa si nilikwambia. Alistahili kuambiwa.

"Dada," Nassir akasema, "mpigie Cédric asije. Wasije wakamkuta."

Basi likaondoka, likakunja kwenye kona, na mtaa ukarudia ukimya wake.

MaMbatha alikuja anakimbia, yeye na miaka yake sitini na nne, aproni kiunoni, unga mpaka viwikoni. Hakuuliza kitu mbele ya geti. Alimshika Kidawa mkono wakaenda kituo cha polisi kwa miguu. Pale askari wa zamu alipekua daftari lake, akasema asubuhi hii hajaletwa mtu yeyote hapa. MaMbatha akamwambia kwa Kizulu apekue tena. Akapekua tena. Akawaandikia namba ya kituo kingine, nao wakapiga, na kule nako hakukuletwa mtu. Askari akauliza watu wenyewe walikuwa na kitambulisho gani, gari lilikuwa na namba gani. Kidawa namba hakuisoma. Alikuwa akimtazama Nassir.

Waliporudi chumbani walikaa kitandani wote wawili. Suruali haikuwepo, begi lilikuwepo, magongo yalikuwepo yameegemea ukuta. Bila yale magongo Nassir hawezi hata kwenda haja.

"Nilikuandikia," alisema MaMbatha hatimaye. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kwa kutaka kuelewa. "Walikuwa wamesimama mbele yangu wananunua, nisingeweza kuongea. Niliandika simu ikiwa chini ya aproni. Saa nne na dakika sita. Nikaona umesoma."

"Nilisoma."

"Sasa mwanangu, kwa nini?"

"Uliandika just now," alisema Kidawa. "Nikajua ni baadaye."

MaMbatha alimtazama. Mkono wake wenye unga ukapanda ukaiziba midomo.

"Niliandika ya kwenu," akasema nyuma ya mkono ule. "Nilikwisha kuandika ya kwetu, now now, nikaifuta. Nikasema hapana, leo asikosee, leo nimwandikie kama anavyosema yeye. Ya kwenu ni sasa hivi. Uliniambia mwenyewe, ile siku ya blauzi."

"Na mimi nimeisoma ya kwako," alisema Kidawa.

Ubaya hawakuutendeana, kila mmoja alikuwa ametoka kwake kumfuata mwenzake, na wakapishana njiani. Lakini hilo halikumfaa Nassir kitu. Kidawa alihisi hasira, na akakosa wa kumpa, akajipa mwenyewe yote. Dakika kumi. Cédric angekuwa ameshavuka robot ya tatu. Nassir alimwambia kwa mdomo wake, na yeye akamcheka.

MaMbatha akaanza kulia kwa sauti ya chini. Kidawa alimwekea mkono mgongoni, akautazama mlango uliobaki wazi.

Saa saba kamili simu ikaita. Wote wawili waliirukia. Namba haikuwa ya hapa. Ilikuwa ya Tanga. Kidawa alikuwa amesahau kabisa kwamba leo ni Ijumaa, na kwamba kila Ijumaa watu wakitoka msikitini mama yake hupiga. Aliiacha iite. Ikakatika, ikaita tena, na safari hii akaipokea kwa kuwa aliogopa mama angeingiwa na wasiwasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hupokei? Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Mguu wake unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri."

"Alhamdulillahi. Hebu nipe nimsikie sauti."

Kidawa akafumba macho. "Amelala, mama."

"Saa hizi? Kalala na Ijumaa yote hii?" Mama alikuwa anacheka kidogo, sauti yake ina furaha ya mtu aliyetoka kula pilau. "Mwamshe. Mwambie mama yako anataka neno moja tu, kisha arudi kulala."

"Mama, alikesha na maumivu."

"Ndiyo nataka nimpe pole mwenyewe. Mwamshe, Kidawa. Nasubiri."

Na kweli alisubiri. Kwenye simu kulisikika vyombo vikioshwa, na jogoo wa jirani, na pumzi ya mama yake ikivuta subira. MaMbatha haelewi Kiswahili kiasi hicho, lakini alishaelewa nani kapiga na anamtaka nani, akainuka akasimama ukutani ili apishe.

Kidawa alipiga magoti kando ya kitanda. Shuka lilikuwa limevutika upande mmoja, pale walipompitisha. Akaisogeza simu mbali kidogo na mdomo wake, umbali ambao mtu angeisogeza akimwamsha mgonjwa, akauweka mkono kwenye mto.

"Nassir," akaita. "Nassir, amka. Mama huyu."

Akanyamaza kiasi cha mtu kugeuka upande wa pili. Kisha akamwita tena, kwa sauti zaidi, ili mama asikie.